Saa Moja ya Ziada

Alhamisi hiyo ya Novemba, Bwana Brodersen alinituma kwa mjane Göntje nikachukue tangazo la kifo.

Ilikuwa saa kumi jioni na giza lilishaanza kushuka, kama kawaida ya kwetu msimu huo. Gazeti letu lilitoka kila Ijumaa, kurasa zikifungwa Alhamisi saa kumi na mbili. Lilikuwa gazeti dogo la mji mdogo wa pwani: bei ya kamba wa baharini, ratiba ya ibada, nani kaoa, ng'ombe wa nani kaanguka mtaroni. Lakini hapakuwa na nyumba isiyolinunua, na sababu ilikuwa kisanduku kimoja pembeni mwa ukurasa wa kwanza. Tulikiita kisanduku cha maji. Ndani yake ziliandikwa saa za maji kupwa na kujaa kwa wiki nzima. Bahari yetu ikipwa huacha tope tupu hadi upeo wa macho, na watu hulivuka kwa miguu kwenda visiwani. Ikirudi, hairudi kwa adabu. Kwa hiyo wanaume walikikata kisanduku kwa mkasi wakakichomeka ndani ya kofia, na gazeti lililobaki likawashia jiko.

Mimi ndiye niliyekuwa napanga herufi za kisanduku hicho. Jina langu ni Wiebke Ketelsen. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa kujisifu.

Niseme mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji. Mwaka ule wa 1980 tulirudishiwa saa za kiangazi, yaani saa zote kusogezwa mbele kwa saa moja miezi ya joto, kitu ambacho kizazi changu hakikuwahi kukiona. Orodha za maji zilitufikia kwa saa ya zamani, kwa hiyo tangu Aprili ilinibidi niongeze saa moja kwenye kila tarakimu. Mkono ukazoea. Jumapili ya mwisho ya Septemba saa zilirudishwa nyuma, nami nikaendelea kuongeza.

Kwa Jumatatu yake gazeti lilisema maji yatakuwa yamekupwa kabisa saa tisa mchana.

Ilikuwa saa nane.

Siku hiyo kulikuwa na ukungu, na wazee wanaosoma bahari kwa pua walibaki majumbani. Aliyetoka ni Tade Lorenzen, fundi wa kuezeka nyumba, aliyekuwa na paa la kumalizia kisiwani. Alizaliwa hapa, lakini alikaa Hamburg miaka kumi na miwili akifanya kazi bandarini, na pua yake haikujua tena bahari. Alikuwa binamu yangu wa pili, maana babu yangu na bibi yake walikuwa ndugu wa tumbo moja. Alikata kisanduku changu, akakitia kwenye kofia, akaenda. Hakuonekana tena, hata kiatu.

Keshoye Brodersen, mhariri na mwenye gazeti, aliniita ofisini akafunga mlango. Alitoa nakala yetu ya kumbukumbu, akakikata kisanduku kwa wembe na kukitupa motoni. Nakala nyingine za mjini zingekuwa zimewashia jiko kabla wiki haijaisha.

"Kosa ni lako," alisema, "lakini gazeti ni la babu yangu. Ukinyamaza nami nitanyamaza."

Ijumaa yake aliandika kwamba Tade alikuwa amelewa. Alikuwa amemuuliza mke wa Tade, Göntje, na Göntje kwa ukweli wake alijibu kwamba alimpa mumewe kahawa yenye tone la ramu kabla hajatoka, kama afanyavyo kila mwanamke wa mji huu kwenye baridi. Hilo tone likawa chupa. Baada ya wiki mbili mji mzima ulikuwa unasema mwanamke yule alimlewesha mumewe akamtuma baharini afe.

Nami nikanyamaza. Niliona aibu kila siku, na kila siku nikala chakula changu nikashiba.

Kwetu, tangazo la aliyekufa maji bila kuonekana husubiri wiki saba, na familia hailipeleki gazetini; gazeti ndilo linalokwenda kulichukua. Ndiyo maana jioni ile nilikuwa mlangoni kwa Göntje, kwenye nyumba ya mwisho chini ya tuta la kuzuia bahari. Madirisha mawili yalizibwa kwa mbao. Alifungua akiwa amejifunga kitambaa cha jikoni kichwani, na karibu na sikio kitambaa kilikuwa na damu iliyokauka.

"Ingia, wifi," alisema. "Angalia usikanyage vioo."

"Nani kakufanya hivi?"

"Nikutajie wote? Utachelewa kazini." Alijaribu kucheka, akashika kichwa. "Mimi lilinipata jiwe moja tu. Paka ndiye aliyepatikana vizuri."

Paka alikuwa kwenye benchi, amefunikwa gunia, na mkia ukining'inia. Ulikuwa umekakamaa.

Alinipa karatasi. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za mtoto wa shule. *Tade Lorenzen, fundi wa kuezeka. Bahari ilimchukua. Hakuwa amelewa.*

"Brodersen atalikata hilo neno la mwisho," nikasema.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Si wewe unayepanga?" Alinikaribia, na sauti ikashuka. "Alinisomea kile kisanduku hapa hapa mezani, wifi. Saa tisa. Nikamwambia basi una muda, maliza kahawa yako. Nimelitafuta gazeti lile kila mahali, kumbe nililitumia kuwashia jiko kwa mkono wangu. Hebu niambie. Ilikuwa saa tisa kweli?"

Niliikunja karatasi yake.

"Sikumbuki," nikasema.

Kisha akauliza, kwa kunong'ona, "Amekuja kwako?"

Kila mtu wa pwani yetu anajua maana ya swali hilo. Aliyezama asipoonekana huja mwenyewe kutoa habari zake. Tunamwita gonger, mtembeaji. Hamwendei mama, wala mke, wala ndugu wa tumbo moja. Huwaendea wa mbali kidogo, binamu wa pili au wa tatu. Hasemi. Huzima taa, husimama, huondoka, na huacha maji ya chumvi sakafuni. Unatakiwa kumwambia maneno mawili tu: nimesikia, nitawaambia. Ukimwambia hivyo, amemaliza. Usipomwambia, atarudi.

"Hajaja," nikamjibu.

Alikuwa ameshakuja mara tatu.

Nilirudi mjini juu ya tuta huku tangazo likiwa kifuani. Upepo ulikuwa umekata kabisa. Upande wa kushoto palikuwa na tope, jeusi, likitoa vile viputo vyake vidogo. Sikutembea sana kabla sijasikia kitu nyuma yangu.

Chwap… chwap…

Viatu vilivyojaa maji. Nikasimama, navyo vikasimama. Nikaenda, vikaja. Halafu harufu ikanifikia, harufu ya tope la chini kabisa, lile ambalo ukilichimba huoza mkononi, na ndani yake harufu ya ngozi ya mtu.

Sikugeuka.

"Kila mtu anajua umekufa, Tade," nilisema mbele yangu, kwenye giza. "Unataka niwaambie nini tena?"

Nilijua anachotaka. Chwap, kikasema kiatu, karibu kabisa na kisigino changu, na maji baridi yakanirukia kwenye soksi. Nilikimbia hadi kwenye taa za soko.

Ofisini Brodersen alikuwa anakula mkate wa samaki, mguu juu ya meza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo nene na mikono safi. Alisoma karatasi ya Göntje, akajifuta kidole, akachukua kalamu na kukata neno la mwisho.

"Liache," nikasema.

"Unasemaje?"

"Liache hilo neno. Wamempasua kichwa. Wamemuua paka wake. Safari ijayo watamuua yeye."

"Umekuwa mchungaji wa kanisa leo?" Aliinuka. "Nikiliacha, kesho watauliza. Wakiuliza watauliza saa ngapi maji yalirudi. Halafu watafika kwako, binti, si kwangu. Mimi nakufunika wewe."

"Unajifunika mwenyewe."

Sikuuona mkono wake ukichukua rula ya chuma. Nilisikia tu jino likivunjika. Alinipiga tena, mdomo uleule, kisha akanishika nywele na kunikokota hadi chumba cha mashine, nyuma ya ofisi. Mzee Nahmen, mchapaji, alikuwa pale akipaka mafuta mashine kubwa ya kuchapia. Alikuwa amefanya kazi kwa baba yake Brodersen na kwa babu yake.

"Bwana Brodersen, yatosha," alisema Nahmen.

"Paka mafuta yako, mzee."

Zamani hizo tulikuwa bado tunapanga herufi kwa madini ya risasi iliyoyeyushwa, mashine ikiimimina kuwa mistari. Alinisukuma uso hadi juu ya sufuria ya risasi ya mashine yangu, karibu kiasi kwamba nywele za mbele zilijikunja zikanuka. Nilisikia ngozi ya shavu ikivutika kwa joto.

"Utapanga ninavyotaka," alisema polepole sikioni, "au nikuogeshe?"

Nikapanga. *Bahari ilimchukua.* Nukta. Damu yangu ilidondoka kwenye vitufe na vidole vikawa vinateleza. Nahmen alichukua mistari ile bila kunitazama, akafunga ukurasa, akawasha mashine. Kurasa zikaanza kutoka. Bum-shaa. Bum-shaa. Brodersen alisimama kandokando ya mashine akizitazama zinavyopita, ameridhika.

Hapo ndipo harufu ilipoingia.

Taa zilipungua… zikawa nyekundu… zikazimika. Lakini mashine haikuzimika. Uelewe hapo: mashine ilikuwa inatumia umeme uleule wa taa. Bum-shaa. Bum-shaa. Mwanga pekee ulikuwa ule moto wa gesi chini ya sufuria yangu.

Mlango wa ua ukafunguka.

Chwap.

Aliingia Tade. Kofia ilikuwa kichwani, imebanwa vizuri kama alivyoibana mwenyewe. Uso ulikuwa umevimba na kuwa mweupe, na macho yake kaa walishayamaliza. Ncha za vidole zilikuwa mifupa mitupu. Alinigeuzia uso, akasubiri.

"Bomba limepasuka," alisema Brodersen. Alikuwa anatazama chini. Hakuwa ndugu wa Tade, kwa hiyo hakuona mtu. Aliona tu nyayo za maji zikitokea moja baada ya nyingine kwenye sakafu ya saruji, zikimwelekea. "Nahmen, maji haya yanatoka wapi?"

Nahmen aliinama, akatia kidole, akakilamba.

"Ya chumvi," alisema. Kisha akarudi nyuma hadi ukutani, akavua kofia yake.

Ningeweza kusema maneno yale wakati huo. Nimesikia, Tade, nitawaambia. Yalikuwa yamefika ulimini, pamoja na damu na kipande cha jino. Nikamtazama Brodersen, na mikono yake safi. Nikayameza.

Tade alimshika kiganja.

Brodersen aliutazama mkono wake ukiinuka peke yake, kama mtoto anayefundishwa kuandika. Ulikwenda mbele, taratibu, hadi pale karatasi zinapoingia. "Nini," alisema. "Nini hiki. Nahmen. Zima."

Bum.

Mlio wa mifupa ni mdogo kuliko unavyodhani. Kilichokuwa kikubwa ni sauti yake yeye. Ukurasa wa kwanza ulitoka na alama tano nyekundu juu ya jina la gazeti. Bum. Ukurasa wa pili ulitoka mwekundu nusu. Nahmen alirukia swichi, akaivuta, akaivuta tena, ikamkatikia mkononi. Bum. Mkono uliingia hadi kiwiko. Brodersen alikuwa anapiga mateke, anapigiza kichwa kwenye chuma, ananiita kwa jina. "Wiebke. Wiebke, mwambie. Chochote anachotaka. Mwambie."

Tade alimkamata taya kwa mkono wa pili, akamfungua kinywa kwa nguvu hadi pembe za midomo zikachanika. Akainama, uso kwa uso. Akafungua na chake.

Maji yakatoka.

Yalitoka meusi, mengi, na tope, na majani ya bahari, yakaingia yote kwenye koo la Brodersen. Aligugumia. Kifua kilipanda na hakikushuka. Mtu yule alizama akiwa amesimama, ndani ya nyumba, hatua mia nane kutoka baharini, nami nikaacha karatasi tatu zaidi zipite.

Ndipo nikasema. "Nimesikia, Tade. Nitawaambia."

Mashine ikakwama. Tade akamwachia, naye Brodersen akaning'inia kwa mkono ule uliosagwa. Tade alikuja mbele ya meza yangu, akavua kofia, akatoa kipande cha karatasi kilicholowa, akakilaza mbele yangu kwa uangalifu mkubwa. Kisanduku changu. Saa tisa, ilisema, kwa herufi zangu nzuri. Kisha taa zikawaka, na pale alipokuwa amesimama palikuwa na dimbwi.

Nahmen ndiye aliyeanza kusogea.

"Kuna kurasa za kutoa," alisema. "Nitamwita daktari nikishachapisha. Panga ulichoahidi."

Nikakaa, nikapanga. Nahmen akapangusa silinda kwa matambara, akaondoa mwili, akatumia nguvu za mikono kuzungusha gurudumu. Saa mbili usiku gazeti lilikuwa limekamilika, na mahali pa habari kubwa palikuwa na mistari minne yenye mpaka mweusi.

Daktari aliandika kwamba marehemu alinaswa na mashine na moyo ukasimama. Maji hakuyaandika. Alimwambia Nahmen kwenye kona ya baa kwamba mapafu yalijaa kabisa, na kwamba ndani alikuta kamba mmoja mdogo, bado anarusha miguu. Kesho yake alikana kwamba alisema. Nahmen naye hadi anakufa alisema ni bomba.

Ijumaa mji ukasoma. Jumamosi waliomvunjia Göntje madirisha walimpelekea vioo vipya, wengine wakalia mlangoni kwake. Alikata ile mistari minne kwa mkasi akaining'iniza mahali ilipokuwa ikining'inia kofia ya Tade. Aliponiona kanisani alinishika mikono yote miwili. "Asante, wifi," alisema. Sikuweza kumtazama.

Maana niliandika hivi. *Saa za maji za wiki ile zilikosewa. Tade Lorenzen hakuwa amelewa. Mkewe hana hatia. Kosa lilifanywa na mhariri.*

Brodersen alikuwa ameshakufa. Nilidhani haitamuuma.

Jumapili jioni walikwenda nyumbani kwake. Alikuwa na mke, Telse, mwanamke mpole aliyefundisha watoto kuimba, ambaye hakujua lolote la kisanduku wala wembe. Walivunja madirisha yote kumi na moja. Alipotoka kuwaomba waache, jiwe lilimpata usoni na jicho la kulia likatoka. Alihama kabla ya Krismasi, na sijui alifia wapi. Nilisikia mawe yale kutoka kitandani kwangu. Nyumba yangu ilikuwa mtaa wa pili.

Nikanyamaza tena.

Leo nina miaka sabini na mmoja. Kipande kile cha karatasi ninacho kwenye bakuli, na miaka arobaini na mitano hakijakauka. Tade hakuacha kuja. Kila Alhamisi ya Novemba, saa za kufunga kurasa, taa hupungua. Miaka ya kwanza maji yaliishia kizingitini. Baadaye yakafika jikoni. Mwaka juzi yalifika mlangoni mwa chumba. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimelala na homa, na nilipoamka blanketi lilikuwa limelowa hadi kifuani, na mdomoni mwangu mlikuwa na ladha ya tope.

Kwa hiyo nimeiandika yote, nikaipeleka gazetini. Gazeti bado lipo, na kisanduku bado kipo kona ileile. Mhariri wa sasa ni binti mwenye haraka. Amenipigia simu mchana akasema, bibi, ni ndefu, tutaikata mwisho. Nikamwambia kata popote, mwanangu, ila mstari mmoja uache. Mhariri hakukosea. Aliyekosea ni mimi, Wiebke Ketelsen, na jicho la Telse Brodersen nililitoa mimi.

Ni Alhamisi. Ni saa kumi na mbili kasoro. Taa imeshaanza kuwa nyekundu.

Nimesikia, Tade. Nimewaambia.

Chwap, kinasema kiatu pale kwenye kizingiti, mara moja tu. Nimekaa hapa nasikiliza, na sijui kama hatua ile inatoka au inaingia.